Maziwa hayatoshi: wasomaji wanauliza, wakunga wanajibu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za akina mama wanaonyonyesha, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: nile nini, ninywe nini, maziwa yaongezeke? Hilo la chakula tutalijibu, ila si la kwanza. Titi hutengeneza maziwa kwa kufuata yanavyotoka. Likinyonywa au kukamuliwa mara nyingi likabaki jepesi, hutengeneza kwa kasi. Likiachwa limejaa, ndani ya maziwa yenyewe kuna kitu kinachoziambia tezi zipunguze mwendo. Ndiyo maana hapa chini tunauliza kwanza mtoto anashikaje titi na ananyonya mara ngapi, ndipo tufike jikoni.

Nimejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kwanza. Leo siku ya tatu maziwa hayajashuka, yanatoka matone ya njano tu. Mtoto analia na mama mkwe anataka tumpe maji ya glukosi mpaka maziwa yaje. Nifanyeje?
*Mzazi mpya, Morogoro*

Hongera, na pole kwa kidonda. Hayo matone ya njano ni maziwa tayari, ndiyo dang'a. Siku ya kwanza mtoto huhitaji mililita 2 hadi 10 tu kila anaponyonya, yaani kijiko cha chai kimoja au viwili. Ikifika siku ya tatu huwa mililita 15 hadi 30. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mzazi wa kwanza, aliyepasuliwa, aliyepoteza damu nyingi au mwenye kisukari, yanaweza kuchelewa kidogo zaidi.

Ubaya wa maji ya glukosi ni kwamba yanajaza tumbo bila kulisha. Mtoto anashiba maji, analala saa nne, na kwa saa hizo nne titi halijaombwa kitu. Mweleze mama mkwe kwa adabu, kisha umpe kazi yenye faida: akushikie mtoto na kijiko wakati wewe unakamua.

Mvue mtoto abaki na nepi, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mjifunike khanga. Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, jumla mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akilala kupita saa tatu mwamshe. Ili asiguse kidonda, nyonyesha ukiwa umelala ubavu, au mpakate chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni kwako. Meza dawa za maumivu ulizoandikiwa kwa saa zake. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki haziharibu maziwa, ila maumivu yenyewe huyazuia kutiririka.

Kila akimaliza kunyonya, kamua kwa mkono dakika tano kila upande. Nawa mikono na ulisugue titi taratibu. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimeta 3 hivi kutoka kwenye shina la chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, achia, rudia. Usiburuze vidole juu ya ngozi wala usivute chuchu, maana maziwa hayakai kwenye chuchu. Tone la kwanza linaweza kuchukua dakika mbili, usikate tamaa ukaacha. Likikoma, zungusha mkono, ukamue kutoka pande nyingine. Kinga kwenye kijiko safi, mpe mtoto hapo hapo.

Kuna hali ambazo si za kusubiri nyumbani. Kuanzia siku ya nne, kama anakojoa chini ya mara nne kwa siku, kama nepi ina madoa mekundu ya rangi ya matofali, kama macho na ngozi vimekuwa vya njano, au amelegea haamki kunyonya, rudi hospitali leo hii. Kadhalika akipungua asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa: aliyezaliwa na kilo 3.2 asifike kilo 2.88. Hapo maziwa ya nyongeza ni tiba, na hakuna aibu. Huanza yako uliyokamua, kisha yale watakayoelekeza hospitalini, kwa kikombe. Na wewe, ikifika siku ya tano matiti hayajabadilika hata kidogo, huku damu inatoka nyingi au ina harufu mbaya, omba kipimo cha picha. Kipande cha kondo la nyuma kikibaki tumboni, homoni zake huendelea kuzuia maziwa kushuka.

Mwanangu ana wiki sita. Zamani matiti yalikuwa yanajaa mpaka yanavuja, sasa ni laini kutwa. Jioni ananyonya bila kuachia kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku. Nikikamua napata kidogo, tena mepesi kama maji. Bibi anasema nimekauka.
*Mama Junior, Tanga*

Kila ulichokitaja ni cha kawaida. Matiti kujaa wiki za mwanzo ni damu na majimaji pamoja na maziwa. Kufikia wiki ya sita mwili umeshajua kiasi cha mtoto, uvimbe unaisha, maziwa yanatengenezwa zaidi mtoto anapokuwa kifuani. Jioni kiasi kinachotoka kwa mkupuo hupungua, kwa hiyo mtoto hunyonya mara nyingi kidogo kidogo, kisha usiku hulala kipande kirefu kidogo. Hamu hiyo huzidi akiwa na wiki mbili au tatu, tena wiki ya sita, tena karibu na miezi mitatu. Ukimpa chupa saa hizo umemzuia kuagiza maziwa ya kesho. Wepesi nao ni wa yale yanayotangulia. Mafuta huongezeka kadiri titi linavyokwisha, na maziwa ya mama hata siku moja hayawi mazito kama ya ng'ombe. Kipimo cha kukamua pia kinadanganya, maana mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya mkono au pampu.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza mkojo: mara sita au zaidi kwa saa 24, mweupe usio na harufu kali. Kama huna uhakika nepi ya dukani ikilowa inakuwaje, mimina vijiko vitatu vya chakula vya maji kwenye nepi kavu, uishike usikie uzito. Cha pili mzani: mtoto anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, kisha aongeze si chini ya gramu 500 kwa mwezi, na wengi katika miezi mitatu ya kwanza huongeza 150 hadi 200 au zaidi kwa wiki. Beba kadi ya kliniki, apimwe bila nguo, kwenye mzani ule ule. Mstari ukipanda, bibi hana kesi. Choo usikitegemee sana. Baada ya wiki sita mtoto wa maziwa matupu anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo, kikija ni laini, na hana shida.

Mtoto wangu alizaliwa kilo 3. Wiki ya sita alikuwa na kilo 3.4 tu, muuguzi akasema haongezeki. Tukaanza maziwa ya kopo, chupa tatu za mililita 90 kila siku. Sasa ana wiki tisa, kilo 4.2. Nataka kurudi kwenye maziwa yangu peke yake. Inawezekana?
*Msomaji, Mbeya*

Inawezekana kwa wengi. Muuguzi alikuwa sahihi: gramu 400 kwa wiki sita ni kidogo mno. Sasa anapanda vizuri, kwa hiyo usikate kopo ghafla.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa umri huu huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 4.2 ni mililita 630. Kopo linatoa 270, kwa hiyo matiti yako tayari yanatoa karibu 360, zaidi ya nusu. Unatafuta hizo 270 zilizobaki, wala huanzi sifuri.

Sababu kubwa ya watoto kunyonya saa nzima bila kuongezeka ni kushika chuchu peke yake. Kaa umeegemea, mtoto ubavu wake wote ukugeukie, kichwa na mgongo vinyooke. Elekeza chuchu puani kwake, si mdomoni. Subiri afungue mdomo wazi kabisa, ndipo umlete haraka kifuani, kidevu kitangulie. Akishika vizuri, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yanayoendelea baada ya nusu dakika ya kwanza, au chuchu inayotoka imebonyea upande, maana yake ameshika vibaya. Ingiza kidole safi kwenye kona ya mdomo umwachishe, anza upya. Ikishindikana kila mara, mwombe mkunga atazame ulimi. Watoto wengine kiuzi cha chini ya ulimi ni kifupi, ulimi haupiti ufizi, na hospitalini hukatwa kwa dakika chache. Tahadhari: hilo si sawa na kukata kimeo mitaani. Kukata kimeo hakuongezi maziwa wala hakumsaidii mtoto kunyonya, kumeua watoto kwa kutoka damu na maambukizi.

Kisha sikiliza anameza au anachezea. Anapomeza, kidevu hushuka, husimama kidogo, unasikia pumzi fupi ya "ka". Akiacha kumeza ila bado ameshika, bana titi kwa kiganja, mbali na chuchu, ushikilie bila kuumiza. Ataanza kumeza tena. Akiacha, achia, sogeza mkono, bana tena. Ikiisha kabisa mhamishie titi la pili, na akichoka huko mrudishe la kwanza. Mara 10 hadi 12 kwa siku, na angalau mbili ziwe kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, kwa kuwa homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Usingizi mrefu wa usiku kucha ndio unaowaangusha wengi katika zoezi hili.

Baada ya kunyonyesha, angalau mara tano au sita kwa siku, kamua dakika 10 kila upande, hata kama yanatoka matone. Unachokipata leo mpe badala ya kopo. Unachotafuta zaidi ni lile titi kubaki tupu.

Chupa iondoe, hata kama kopo lipo. Chuchu ya mpira humwaga bila kazi, na mtoto huanza kulikasirikia titi. Mpe kwa kikombe kidogo: mkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, ayalambe mwenyewe, usimmiminie. Njia bora zaidi, ukipata wa kukuelekeza, ni mpira mwembamba wa kulishia wa hospitalini, namba 5 au 8. Ncha moja inabandikwa kando ya chuchu, nyingine imo ndani ya kikombe cha maziwa, mtoto ananyonya titi na nyongeza kwa pamoja. Kikombe kikiwa juu maziwa hukimbia, kikishushwa hupungua kasi. Kiweke ili amalize kwa kama nusu saa. Ukimaliza tu, pitisha maji ya moto yenye sabuni kwa bomba la sindano, suuza. Maziwa yakigandia ndani, mpira huo tupa.

Anza kupunguza kopo baada ya siku tatu nne za kukamua kwa bidii. Punguza mililita 50 kwa siku nzima, kaa hapo siku tatu, tazama mkojo, pima uzito kila wiki. Akiongeza gramu 125 au zaidi kwa wiki, endelea kupunguza 50 nyingine kila baada ya siku tatu. Asipofika, simama pale pale wiki nyingine. Kwa 270 zako, tegemea kama wiki tatu, pengine zaidi. Jambo moja tunalisisitiza: usipunguze kopo kwa kuongeza maji kwenye unga. Maziwa yaliyochujuka yanaharibu chumvi za mwili wa mtoto na yanaweza kumletea degedege.

Nimefanya yote hayo mwezi mzima, na muuguzi alinisimamia. Bado napata nusu tu. Nimekosea wapi?
*Mama Nasra, Unguja*

Pengine hukukosea popote. Wako wanawake wachache ambao mwili haufiki. Waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, wenye vivimbe vingi kwenye vifuko vya mayai ya uzazi, waliofanyiwa upasuaji wa titi, na wale ambao matiti hayakukua hata kidogo wakati wa ujauzito, hasa kama yamekaa mbalimbali na ni membamba. Omba kipimo cha tezi (TSH) na wingi wa damu, vyote hupatikana hospitali ya mkoa, na tezi ikitibiwa maziwa mara nyingi huongezeka. Hata ikibaki nusu, nusu hiyo ina kinga ambayo kopo halina. Endelea kunyonyesha, ongezea kwa kikombe, na usikubali kuambiwa kwamba kwa vile unachanganya basi uache kabisa. Kama unatumia dawa za ARV, zungumza na kliniki yako kabla ya kubadili ulishaji.

Uwatu, mtori, supu ya kuku, mlonge, soda nyeusi, bia ya giza, na kuna vidonge vya Motilium watu wanauziana. Kipi kinafanya kazi kweli?
*Shangazi wa mzazi, Moshi*

Shikamoo shangazi. Tuanze na mtori, kwa kuwa unatoka kwao. Ndizi, nyama na maji moto kwa mtu aliyetoka kujifungua ni chakula kizuri: kinashibisha, kina madini ya chuma, kinalainika kwa mtu mwenye uchovu. Vivyo hivyo njahi (maharage meusi) za Wakikuyu, uji wa ulezi wenye karanga, supu ya samaki. Anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 zaidi ya kawaida yake kwa siku, sawa na bakuli kubwa la uji wenye karanga na ndizi mbili. Lakini mama aliyekula mtori sufuria nzima huku mtoto ananyonya mara tano kwa siku, maziwa yake hayatapanda. Tena hata mwanamke mwenye lishe hafifu hutoa maziwa ya kutosha. Anayeumia ni yeye mwenyewe, ndiye wa kulishwa.

Maji anywe kwa kiu, kikombe pembeni kila anaponyonyesha. Kujilazimisha lita tano hakuongezi tone. Soda ni sukari tu. Bia inafanya kinyume cha wanavyosema: pombe huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa nje, na mtoto hupata kidogo baada ya mama kunywa. Pilipili manga kwenye uji haina neno, mradi tumbo lake limeizoea.

Uwatu umetumika pwani na Uarabuni miaka mingi, na tafiti zake zinapingana. Baadhi ya akina mama wanaona tofauti ndani ya siku chache, wengine hawaoni. Kijiko cha chai cha mbegu zilizolowekwa usiku, kikachemshwa kwenye uji, mara moja au mbili kwa siku, ni kiasi cha chakula. Jasho na mkojo vitanukia utamu, usishtuke. Mtoto akipata gesi au kuharisha, acha. Mwenye kisukari anayetumia dawa, anayemeza dawa za kuyeyusha damu, mwenye mzio wa karanga au dengu, na mjamzito, wasiutumie. Majani ya mlonge yana tafiti ndogo, kadhaa za Ufilipino, zilizoonyesha ongezeko kiasi. Yapikwe kama mboga au yatiwe kijiko kwenye uji. Mizizi na magamba ya mlonge usiguse, yana sumu.

Motilium ni domperidoni, dawa ya kichefuchefu inayopandisha prolaktini. Daktari akiiandika huwa miligramu 10 mara tatu kwa siku, kwa muda mfupi, baada ya kuuliza habari za moyo. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hatari huongezeka ikichanganywa na flukonazoli, ketokonazoli au erithromisini. Hapo ndipo kuuziana kunapotisha: mama mwenye fangasi za chuchu hupewa flukonazoli, jirani akampa Motilium, hakuna aliyejua. Dawa nyingine, metoklopramidi inayojulikana kama Plasil, huweza kuleta huzuni nzito, nayo mzazi mchanga haihitaji. Na zote mbili hazina kazi kama titi halikamuliwi.

Nimerudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Wiki ya kwanza nilikuwa napata mililita 120 kila nikikamua, sasa 50. Natoka nyumbani saa 1 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Pampu ni ya umeme, niliinunua kwa mtu.
*Mfanyakazi wa ofisi, Dar es Salaam*

Tunaishuku pampu kwanza. Kila pampu ina kidude cheupe cha mpira laini, ama kiko kama ulimi, ama kama mdomo wa bata, kinachofunguka na kufunga pale maziwa yanapodondokea. Kikichanika hata kidogo au kikilegea, mvuto unakufa huku mota inaunguruma vile vile. Kwa anayekamua kila siku hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na cha pampu ya mtumba ni cha kubadili siku unayoinunua. Pampu zenyewe si zote za kurithishana: zile ambazo maziwa yanaweza kupanda kwenye mpira hadi ndani ya mota hazisafishiki.

Kisha tazama kikombe kinachokaa kwenye titi. Namba yake imeandikwa pembeni, mara nyingi 24 au 27. Chuchu inatakiwa iende na kurudi bila kusugua ukuta, na weusi usivutwe mwingi kuingia. Ikisugua na kuuma, ni kidogo. Titi likiingia lote, ni kikubwa, na hicho ndicho kinachowapata wengi. Mvuto usiupandishe mpaka uumie. Maumivu hufunga maziwa.

Sasa ratiba. Mtoto huhitaji mililita 30 hadi 45 kwa kila saa usiyokuwepo. Saa 10 ni mililita 300 hadi 450. Kamua mara tatu, saa 4, saa 7 na saa 9, dakika 15 hadi 20 kila mara, matiti yote mawili, na mwishoni kamua kwa mkono dakika mbili. Nyonyesha kabla ya kutoka na mara tu ukirudi. Wengi huona kiasi kinashuka kuelekea Ijumaa na kupanda tena Jumatatu. Mwishoni mwa wiki weka pampu kando, mtoto awe kifuani. Ukitaka kukisukuma zaidi, saa moja kila siku kwa wiki nzima kamua hivi: dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Usitegemee kitu siku mbili za kwanza.

Sheria iko upande wako. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, mbali na siku 84 za likizo, au 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Wasomaji wetu wa Kenya wana Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri atoe chumba cha kunyonyeshea na mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Kwa joto la Dar usitegemee hilo, tumia mfuko wa baridi wenye barafu, hadi saa 24. Kwenye friji, nyuma si mlangoni, siku nne. Yaliyogandishwa yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Na mwambie dada wa nyumbani asimlazimishe mtoto amalize chupa. Mara nyingine mahitaji "yanayopanda" ni kasi ya mlishaji tu.

Maziwa yalikuwa mengi, mwezi wa nne yamekatika ndani ya wiki moja. Nilianza vidonge vya majira. Wifi anasema nimembemenda mtoto. Ni kipi?
*Msomaji, Kigoma*

Ni vidonge, kama ni vile vya homoni mbili. Istrojini hupunguza maziwa, na mama anayenyonyesha hashauriwi kuvitumia kabla ya miezi sita. Rudi kliniki wakubadilishie: vidonge vya homoni moja, kipandikizi, sindano, au kitanzi cha shaba kisicho na homoni kabisa. Wakati huo huo ongeza kunyonyesha na kukamua kama tulivyomweleza msomaji wa Mbeya. Maziwa mara nyingi hurudi. Angalia pia dawa za mafua ulizomeza. Zile zenye pseudoefedrini hushusha maziwa, wakati mwingine hata kwa dozi moja.

Na hilo la kubemenda, yaani kwamba mtoto amedhoofika kwa sababu ya tendo la ndoa: tendo hilo halimdhuru mtoto anayenyonya wala haliharibu maziwa. Kilicho kweli ni kwamba ukishika mimba nyingine, homoni zake hupunguza maziwa, zaidi kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito, na mtoto asiyeongezewa chakula hudhoofika. Mtoto anayekonda anataka mzani, kipimo cha malaria na chakula, si dawa ya kubemendwa. Kwa hiyo kabla ya kulaumiwa, pima mkojo. Kama si mimba, na hedhi imerudi, fahamu kwamba siku chache kabla na wakati wa hedhi maziwa hupungua kidogo kisha hurudi yenyewe.